Tanuri la gesi la 80 au la 96? Piga hesabu kabla ya kusaini

Kila ikifika Oktoba, kuanzia Minneapolis hadi Columbus huku Marekani, swali ni lilelile: "Tanuri la nyumba limekufa, ninunue lipi?" Tanuri hapa ni mashine ya gesi inayopasha nyumba nzima joto: la 80 hugeuza asilimia 80 ya gesi kuwa joto la nyumba, la 96 asilimia 96. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Kusanya bili za gesi za miezi 12.

2. Tenga gesi ya joto. Wastani wa Juni hadi Agosti ni hita ya maji na jiko. Zidisha kwa 12, toa kwenye jumla ya mwaka. Mfano: themu (kipimo cha gesi) 1,000 toa 240 (20 kwa mwezi), zinabaki 760.

3. Kama la sasa ni la 80: 760 × 0.80 ÷ 0.96 = 633. Umeokoa themu 127. Zidisha kwa bei ya themu, bila ada ya kila mwezi, maana hiyo haipungui. Kwa dola 0.90 ni dola 114 kwa mwaka.

4. Omba fundi mmoja akuandikie bei zote mbili. Tofauti ikiwa dola 1,800, itarudi baada ya karibu miaka 16. Matanuri mengi huishi 15 hadi 20.

5. Dohani. Hapa ndipo watu huumia. La 96 hufyonza joto mpaka mvuke uliomo kwenye moshi unageuka maji, hivyo hutolea moshi kwenye bomba la plastiki ukutani na kuiacha dohani. Hita ya maji inabaki peke yake kwenye dohani iliyopimwa kwa vyombo viwili. Moshi wake mchache unapoa njiani, unalowesha matofali, na siku mbaya unarudi ndani na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Dawa ni kupitisha bomba jembamba la chuma ndani ya dohani, au kubadilisha hita ya maji. Gharama hiyo mara nyingi haimo kwenye bei ya kwanza! Muulize fundi: "Hita ya maji itatolea wapi moshi?" Akisema "tutaona", tafuta mwingine.

6. Maji yanayotoka yana tindikali, yanahitaji njia. Bomba lake likipita gereji isiyo na joto litaganda, na tanuri litajizima usiku wa baridi kali kuliko yote.

MASWALI

Baba Zuu: Kwa kifupi, ninunue lipi?
— Hatua ya 1. Bili ziko wapi?

Mama Neema: Langu ni la 65. Muuzaji anasema la 96 litaokoa theluthi ya gesi. Ni kweli?
— Kweli, dada, ila amelinganisha la zamani na jipya. Linganisha mapya mawili. Ukitumia themu 760, la 80 litakula 618 na la 96 litakula 515. Hizo 103 ndizo unazolipia ziada.

Kaka wa Theluji: Serikali si inarudisha dola 600?
— Punguzo hilo la kodi liliishia kwa vifaa vilivyofungwa hadi 31 Desemba 2025. Ulizia kampuni yako ya gesi.

Fundi Mwanafunzi: La zamani ni BTU 120,000 (kipimo cha joto la gesi linayochoma kwa saa), la 80. Nichukue ukubwa uleule?
— Swali zuri. Usiku wa baridi kali hesabu dakika linazowaka kwa saa. La zamani hutoa 120,000 × 0.80 = 96,000. Likiwaka 30, nyumba inataka nusu ya 96,000, yaani 48,000. La 96 lenye BTU 60,000 hutoa 57,600, linatosha. Kubwa mno huwaka na kuzima kila mara, na vyumba vya mbali hubaki baridi.

Fundi Mwanafunzi: Na kama nje haijafika baridi ile?
— Subiri Januari, au mwambie fundi apime nyumba, chumba kwa chumba.