Andika Hasara Kabla Tope Halijakauka

Msimu ule mto Bubu ulipofurika hapa Bahi, mkoani Dodoma, nilipoteza mbuzi 11 na mpunga wa ekari 2, na sikupata hata kilo moja ya mbegu za msaada. Jirani yangu aliyepoteza mbuzi 4 alipata. Hakupendelewa. Yeye alikuwa na daftari, mimi nilikuwa na maneno matupu. Nilifika ofisini siku ya tisa, nikaulizwa shamba lina ukubwa gani na nani aliwaona hao mbuzi, nikababaika. Orodha ya waliopata hasara ilikuwa imeshakwenda wilayani.

Ndugu mkulima, ndugu mfugaji, kwanza jua unachoomba. Ni msaada wa dharura, kama chakula, mbegu au mahema. Si fidia ya kila ulichopoteza. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji kupanda juu, na idara inayosimamia maafa iko Ofisi ya Waziri Mkuu. Usifunge safari kwenda mjini Dodoma. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, siku ileile maji yakipungua.

Mizoga haisubiri. Usiku mmoja tu fisi na mbwa wanamaliza ushahidi wako. Tena mbuzi waliokufa kwenye tope hufanana wote. Jirani yangu aliwamwagia maji ya kidumu mmoja mmoja mpaka mabaka yakaonekana, ndipo akaandika: "Beberu mweusi, baka jeupe pajani, hereni sikio la kushoto." Kama mnyama ana hereni ya utambuzi, nakili namba yake, kisha uitoe, uioshe na kuitunza. Piga picha ya kila mzoga, halafu moja ya wote pamoja, na nyuma yao kionekane kitu ambacho wanakijiji wanakijua: mbuyu, zizi, daraja. Mwite afisa mifugo aone, kisha mizoga izikwe kwenye shimo refu mbali na kisima. Nyama ile msile, hata kama njaa inauma.

Shambani, pima kwa miguu. Hatua 70 kwa 70 za mtu mzima ni kama ekari moja. Pima sehemu iliyoharibika peke yake. Usingoje pakauke kabisa, maana mpunga uliolala hufukiwa na mchanga, na bwana shamba akija baada ya wiki mbili anaona kama eneo ambalo halikulimwa. Ng'oa mashina machache, yapige picha yakiwa mkononi. Kama ulijiandikisha kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, angalia uliandikisha ekari ngapi. Ukitaja nyingine, utaulizwa.

Na tafadhali, usizidishe. Mmoja akisema ng'ombe 10 kumbe walikufa 3, kitongoji kizima kinaweza kuhesabiwa upya, na mjane mwenye watoto anaendelea kulala nje. Jambo hili linaniuma sana.

Andika nakala mbili: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, tarehe, idadi, saini za mashahidi wawili na ya mwenyekiti wa kitongoji. Moja mpe mtendaji wa kijiji. Ya pili akugongee muhuri na kuandika tarehe aliyopokea, urudi nayo nyumbani. Orodha ikisomwa mkutanoni, nenda mwenyewe usikilize jina na idadi. Kosa likisahihishwa palepale ni rahisi. Likishapanda kata na wilaya, utazunguka.

Ukiweza, kabla ya kupanda ulizia bima ya mazao kwenye chama chenu cha ushirika au benki. Soma siku za kutoa taarifa ya hasara, kwa kuwa ukizipitisha unaweza kukosa malipo.

Daftari langu siku hizi liko ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu darini. Kila Jumapili jioni mke wangu anahesabu mbuzi wakiingia zizini, mimi naandika.