Kuunganisha Kanzidata ya PostgreSQL na n8n: Mfano wa Ghala la Dagaa Kibirizi

Mfanyabiashara wa dagaa mwenye ghala karibu na mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ambaye karani wake huingiza mapokezi ya kila alfajiri kwenye kanzidata ya PostgreSQL, hana haja ya kusubiri mtu afungue kompyuta ndipo ajue zimeingia kilo ngapi. Jukwaa la n8n, linaloendesha kazi za kompyuta kiotomatiki, linaweza kuiuliza kanzidata lenyewe kila asubuhi na kumtumia jumla. Hapa tunachukulia kwamba n8n imekwisha kusimikwa kwenye seva yenu wenyewe.

Anza na kanzidata, si jukwaa. Usilipatie jukwaa akaunti ya postgres yenye mamlaka yote, hata kama una haraka, kwa sababu nenosiri linalohifadhiwa ndani ya mfumo mwingine linaweza kuvuja, na atakayelipata ataweza kufuta kila jedwali. Fungua akaunti ya kusoma tu:

CREATE ROLE msomaji LOGIN PASSWORD '…';
GRANT SELECT ON mapokezi TO msomaji;
ALTER ROLE msomaji SET statement_timeout = '30s';

Amri ya tatu hukatiza ulizo (query) lolote linalozidi sekunde 30, ili ulizo lililoandikwa vibaya lisiielemee seva wakati karani anapokea mzigo.

Kwa kawaida PostgreSQL husikiliza maombi ya kompyuta yake tu. Kama n8n iko kwenye mashine nyingine, rekebisha listen_addresses katika postgresql.conf, ongeza kwenye pg_hba.conf mstari unaoiruhusu anwani ya seva ya n8n peke yake, kisha uwashe huduma upya. Poti 5432, ambayo PostgreSQL huitumia kwa kawaida, isiachwe wazi kwa intaneti nzima.

Ndani ya n8n, ongeza nodi (hatua moja ya kazi) ya Postgres, ujaze anwani ya seva, jina la kanzidata, jina msomaji, nenosiri na poti. Wengi hukwama hapa: n8n ikiwa ndani ya kontena ya Docker (programu inayoendesha mifumo katika mazingira yaliyotengwa), neno localhost humaanisha kontena hiyo yenyewe, si seva iliyoibeba, hivyo muunganisho hukataliwa ingawa nenosiri ni sahihi. Kanzidata ikiwa kwenye Docker Compose ileile, andika jina la huduma yake mahali pa localhost.

Ulizo lenyewe ni fupi:

SELECT aina, SUM(kilo) FROM mapokezi WHERE tarehe = $1 GROUP BY aina;

Tarehe, inayoshika nafasi ya $1, ipitishwe kwenye sehemu ya vigezo vya nodi, isibandikwe katikati ya maandishi ya ulizo, kwani thamani iliyobandikwa hivyo inaweza kubeba amri ambayo hukuikusudia.

Ratiba nayo inahitaji uangalifu. Usipobadilisha kitu, n8n hufuata saa za New York, na kazi uliyoipangia saa 2 asubuhi itafanyika saa 9 au saa 10 alasiri ya Kigoma, kutegemea majira ya kule. Katika mipangilio ya mazingira ya n8n, weka GENERIC_TIMEZONE iwe Africa/Dar_es_Salaam, na kumbuka kwamba saa 2 asubuhi huandikwa 8 kwenye ratiba.

Kabla ya kuiwasha kazi, badilisha ulizo kwa muda, uagize DELETE FROM mapokezi WHERE false, amri ambayo haigusi mstari wowote. Kanzidata ikikataa kwa kukosa ruhusa, akaunti imefungwa sawasawa. Ikikubali, rudi kwenye amri za GRANT.