Kontrola ndogo ya pampu ya maji: jinsi ya kuichagua bila kurudi dukani mara tatu

Shangazi yangu ana nyumba ya ghorofa nne Likoni, ng'ambo ya feri Mombasa. Maji ya mfereji huja kwa zamu, yakajaza tangi la ardhini, kisha pampu ya nguvu farasi moja huyapandisha kwenye matangi ya juu ya paa. Kuwasha na kuzima ilikuwa kazi ya kijana wa jirani, na kijana akipitiwa na usingizi, tangi hufurika. Siku aliyonipigia simu alisema, "Mwanangu, maji yateremka ukutani kama masika. Nitafutie mashine isiyolala."

Nikamwambia, "Hilo dogo, shangazi. Jioni moja tu."

Lilinichukua siku nne, na feri nilivuka hadi nikachoka kuhesabu.

Hatua ya 1: Hesabu ishara zako

Kontrola ni kijisanduku kinachosoma swichi na kuamua kuwasha au kuzima pampu. Chukua karatasi. Zinazoingia, kwa shangazi: floti (swichi inayoelea) ya tangi la chini, floti ya tangi la juu, swichi ya mkono na otomatiki, na mguso wa ovalodi (kinga inayokata mota ikizidiwa). Nne. Zinazotoka: kontakta ya pampu (swichi kubwa inayovutwa na umeme) na taa ya hitilafu. Mbili. Kontrola nyingi za kiwango hiki zina njia 8 za kuingiza na 4 za kutoa, kwa hiyo hata pampu ya pili ya kisima itatosha baadaye. Usikubali kuuziwa PLC, yaani kontrola kubwa ya kiwandani.

Hatua ya 2: Chagua ukoo

Mimi ni mtu wa LOGO!, kontrola ndogo ya Siemens, sifichi. Ina kioo na vitufe usoni, unaweza kuandika programu nzima umesimama mbele ya sanduku bila kompyuta. Ukitaka kompyuta, LOGO! 8 hutumia kebo ya kawaida ya mtandao. Programu yake ya kompyuta hulipiwa, ila toleo la majaribio hukuruhusu kuchora na kuijaribu mezani. Zelio Logic ya Schneider nayo ni nzuri, na programu yake ni ya bure, lakini hutaka kebo yake maalumu, nayo kebo hiyo watu huisahau wanapopanga bajeti.

Vijana wataniuliza, mbona si Arduino, ule ubao mdogo wa kujiundia vifaa, na ubao wa rilei (swichi ndogo zinazovutwa na umeme)? Ninazo mbili nyumbani, nazipenda. Chumba cha pampu kilicho karibu na bahari si mahali pake. Na siku nikiwa safarini, fundi wa mtaani atakayeitwa ataifungua LOGO! akaielewa, ubao wangu ataung'oa.

Hatua ya 3: Soma herufi zilizo mwisho wa jina

Hapa ndipo siku zangu tatu zilipoishia.

LOGO! huuzwa kwa majina yanayofanana. R maana yake inatoa kwa rilei, C ina saa, E ina mlango wa mtandao, na "o" ndogo mwishoni ni kwamba haina kioo. Kwa hiyo 24CE haina rilei: hutoa kwa transista (swichi ya kielektroniki), volti 24, sehemu tatu za kumi za ampia. Haiwezi kuvuta kontakta ya volti 240. Na ile yenye "o" sahau, maana utakosa vitufe, ambavyo ndivyo sababu ya kuinunua.

Muuzaji alinipa 230RCE. "Hii waichomeka kwenye stima moja kwa moja, huhitaji paua saplai." Ni kweli, na ndiyo iliyonishawishi. Mezani, kwa waya wa mita mbili, kila kitu kilikwenda sawa. Nikafunga floti juu ya paa, nikateremsha kebo ya mita arobaini hivi kwenye paipu ileile ya nyaya za stima. Tangi likajaa, floti ikapanda, mguso ukafunguka... na pampu ikaendelea. Kioo kilisema floti bado imefunga.

Nikabadilisha floti. Vilevile. Nikaandika upya programu. Vilevile. Nikapima kwa mita ya dijitali: mguso wazi kabisa, lakini kwenye waya wa kurudi kuna volti 90 na ushei. Nikadhani kebo imechubuka, nikavuta mpya. Vilevile! Mwishowe nikaunga balbu ya zamani, ile ya waya ndani ya kioo, kati ya waya ule na nyutro. Ile volti 90 ikatoweka pale pale.

Ilikuwa stima ya kuazima. Nyaya mbili zikilala pamoja mita nyingi, ule wenye moto huambukiza mwenzake. Mkondo wake ni mdogo sana, hauwashi balbu, lakini ingizo la 230RCE halihitaji mkondo mkubwa: volti ikipita 79 linahesabu ni "moja". Kwa hiyo:

Nunua 12/24RCE, pamoja na paua saplai ya volti 24 DC. Rilei zake ni zilezile, zinavuta kontakta ya 240 bila taabu, na floti zinakwenda kwa volti 24. Kebo ya floti ipitishe paipu yake peke yake, mbali na stima. Na hata kama tatizo la mita arobaini lisingekuwapo, ningechagua hivyo: floti inaogelea kwenye maji ambayo watoto wanayachota. Kebo ikipasuka, bora ziwe volti 24.

Kama umeshanunua 230RCE, usiitupe. Weka rilei ndogo ya volti 240 kati ya floti na ingizo. Koili yake (waya uliozungushwa unaovuta swichi) hula ule mkondo wa kuazima. Ila ijaribu na kebo ndefu yenyewe, maana rilei nyepesi mno inaweza kuvutwa ikakwama, ukarudi ulipoanzia. Hatari ya volti 240 kwenye maji pia haitibiki kwa njia hii.

Jambo jingine la herufi na namba: rilei za LOGO! huandikwa ampia 10, lakini kwa mota na koili ni 3 tu. Pampu ya nguvu farasi moja hula karibu 5, na inapoanza huruka mara kadhaa. Usiiunge moja kwa moja. Kontakta na ovalodi, basi.

Hatua ya 4: Programu

Floti ya chini iwe imefunga kukiwa na maji, ya juu iwe imefunga tangi likiwa halijajaa. Waya ukikatika popote, pampu inazima. Rangi za nyaya za floti usiziamini, pima kwa mita huku ukiinua na kushusha. Ziunge zote kwa AND (zote zifunge ndipo pampu iwake), kisha kicheleweshi cha sekunde 10 ili mawimbi ya tangi yasipigishe kontakta, kisha Q1, njia ya kwanza ya kutoa. Ongeza kipima muda cha juu: kwa shangazi tangi hujaa kwa dakika 40, nikaweka 70, zikipita pampu inazima na taa inawaka.

Hatua ya 5: Sanduku

La plastiki, lenye mpira mlangoni, nyaya ziingie kwa chini. Hewa ya chumvi hula chuma. Lile la bati alilokuwa nalo shangazi lilikuwa limebaki kutu tupu.

Wiki ya pili akapiga tena. Tangi halifuriki, lakini kontakta iko ukutani kwa chumba chake, na kila inapovuta usiku humshtua usingizini. Nikaongeza saa: 22:00 hadi 05:00 pampu isiwake, matangi ya paa yanatosha hadi alfajiri. Ndiyo kazi ya ile C.