Grenda ya mezani: ibebe kwanza, bei utaiuliza baadaye

Shemeji yangu wa Mbagala alinipigia simu Jumamosi akiwa ameshafika Gerezani, kasimama dukani, hela mfukoni. "Shem, kuna ya inchi 6 na ya inchi 8. Nichukue ipi?" Nikamwambia atoke hapo akanywe chai kwanza, nitamwandikia. Haya ndiyo niliyomwandikia, ila hapa nimeyaongezea nyama.

Mimi ni seremala. Nimekaa Keko miaka mingi, sasa nina banda langu uani kwangu Chanika. Grenda ya mezani, yaani mota yenye jiwe la mviringo kila upande (zile inchi ni upana wa jiwe), ndiyo inayonoa patasi zangu, visu vya randa na biti za drili, na mvua zikikaribia majirani wananiletea majembe na mapanga. Nimeshaua mashine moja, kwa hiyo ninachokisema nimekilipia.

Hiyo ya kwanza niliinunua kwa kusoma boksi. Liliandikwa wati 750, yaani nguvu ya farasi mmoja. Nikaibeba kwa mkono mmoja hadi kituoni, wala sikujiuliza farasi gani huyo mwepesi kama birika. Nyumbani nikaweka panga, jiwe likapoteza kasi. Nikakandamiza kidogo, likasimama kabisa huku mota inanguruma. Wiki ya tatu ilitoa harufu ya vanishi inayoungua, na hapo ndipo safari yake ilipoishia.

Mota ni chuma na waya wa kopa. Hakuna namna ya kupata nguvu nyingi kwenye chuma kidogo na kopa kidogo, maandishi yaseme yatakavyosema. Kwa hiyo dukani usianze na bei, anza kwa kuinyanyua. Grenda ya inchi 8 ya kazi nzito inakuwa kilo 15 na kuendelea, na tako lake ni chuma cha kumimina, siyo bati lililokunjwa. Ya kilo 7 au 8 inatosha visu vya jikoni na biti ndogondogo, basi.

Kisha soma kile kibati kilichopigwa kwenye mota yenyewe, achana na boksi. Tafuta herufi S. Ukikuta S1, mota imetengenezwa ifanye kazi mfululizo. Ukikuta S2 na dakika 30, maana yake ikishafika nusu saa uizime ipoe. Watu wengi wanaunguza mashine kwa kutojua hilo tu. Palepale hakikisha ni volti 230 na hezi 50. Mtumba wa Marekani huwa ni volti 110 au 120, wa Japani 100, na hata Uingereza mashine za kwenye ujenzi nyingi ni za 110. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, unasikia mlio mmoja halafu moshi. Spidi nayo inakupa fununu: kwa umeme wetu mota ya kawaida huzunguka kama mara 2,850 hadi 2,950 kwa dakika, kwa hiyo ukiona 3,450 ujue ilipimwa kwa umeme wa hezi 60.

Sasa inchi 6 au 8? Kwa mzunguko uleule wa 2,850, ukingo wa jiwe la inchi 6 unakimbia kama mita 22 kwa sekunde, wa inchi 8 kama mita 30. La 8 linakula chuma haraka zaidi, na linachelewa kuisha: likishalika hadi inchi 6 bado una jiwe la kufanyia kazi. Ubaya wake ni joto. Patasi ikigeuka bluu kwenye ncha, ugumu umeshaondoka, na lazima uisage hadi uipite hiyo sehemu. Ndiyo maana mtu wa patasi tupu namshauri atafute ya inchi 8 inayozunguka taratibu, mara 1,400 hivi. Shemeji yangu anachomelea mageti na kunoa majembe. Kwake ile ya kasi ndiyo yenyewe.

Kujaribu kabla ya kulipa huku mjini ni kawaida, usione haya. Ikiwa bado haijachomekwa, shika jiwe ulisukume na kulivuta kando: shafti, kile chuma kinacholishika jiwe, isicheze. Lizungushe kwa mkono, ukiangalia kama linayumba. Halafu waambie wawashe, na wewe usimame pembeni, siyo mbele ya jiwe. Mimi huweka chupa yangu ya maji juu ya meza ileile. Maji yakitetemeka kidogo, sawa. Chupa ikianza kutembea, nami natembea. Mwisho izimwe, usikilize. Beringi nzuri inaliachia jiwe lizunguke muda mrefu kimyakimya. Ikikwaruza au ikisimama ghafla, rudisha kwenye rafu.

Angalia na kile kiegemeo cha kuwekea unachonoa. Kiwe kinene na kiweze kusogezwa hadi kibakize milimita 3 tu kutoka kwenye jiwe. Nafasi ikiwa kubwa, kitu kinavutwa ndani pamoja na vidole.

Mawe yanayokuja na mashine huwa ya kijivu, moja la namba 36 na jingine 60 (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni laini zaidi), na kwa majembe hayana tatizo. Kwa patasi ongeza jeupe la 80, halipandishi joto haraka. La kijani ni la biti zenye ncha za kabaidi. Ukienda kununua jiwe, pima kwanza unene wa shafti yako, na spidi iliyoandikwa kwenye jiwe isiwe chini ya spidi ya mashine. Halafu liningʼinize kwenye kidole, uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Jiwe lililo zima hulia kama bilauri, lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Rudia tena ukifika nyumbani, maana bodaboda na matuta ya Chanika havina huruma. Nati ya upande wa kushoto hufunguka kinyume. Nimeshaona kijana akiikata kwa ubishi.

Ifunge kwa bolti kwenye meza nzito, na chini yake weka kipande cha tairi. Ekstensheni nyembamba itakunyima umeme, na jioni umeme ukishuka ni bora uache. Jiwe jipya liache lizunguke dakika nzima kabla hujaligusa, nawe ukiwa kando. Vaa miwani, usivae glovu. Alumini usiiweke kabisa, inaziba jiwe.

Saa nane mchana shemeji akapiga tena. Amenyanyua zote mbili, amechukua ya inchi 8, kilo 17. Alikuwa anapiga simu kutoka kwenye daladala, anagombana na konda aliyemdai nauli ya watu wawili.