Namna ya kulisoma behewa la zamani la reli ya mlima Pilatus, Uswisi

Usianzie kwenye rangi nyekundu. Rangi hupakwa upya. Mimi huchuchumaa kwanza, nikachungulia chini. Ukiona magurudumu ya meno yamelala ubavu, yakiibana reli ya katikati yenye meno kushoto na kulia, hiyo ni kazi ya mhandisi Mswisi Eduard Locher. Alihofia gia ya kawaida, iliyosimama wima, ingepanda juu ya meno na kuchomoka kwenye mwinuko wa asilimia 48.

Kisha tazama paa. Likiwa na mkono wa kudakia umeme, behewa ni la 1937 au baadaye. Kabla ya hapo, tangu 1889, mlima huo ulipandwa kwa mvuke.

Viti vimepangwa kama ngazi. Goti langu la kulia halivipendi hata kidogo.