Jinsi ya kulinganisha mabingwa wa tenisi wa enzi tofauti bila kuishia kwenye idadi ya makombe

Djokovic ana makombe ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani) 24, Nadal 22, Federer 20, Sampras 14, Laver na Borg 11 kila mmoja, na watu wengi wakishataja hizo namba wanaona ubishi umeisha. Bado kabisa.

Kwanza uliza jamaa alipata nafasi ya kucheza mashindano mangapi. Rod Laver alibeba yote manne 1962, akahamia tenisi ya kulipwa, na kwa vile yale makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu akakaa nje kuanzia 1963 mpaka 1968 yalipofunguliwa kwa wote, na hapo ndo alikuwa kwenye umri wake mtamu kabisa, miaka 24 mpaka 29. Karudi, 1969 kayabeba yote manne tena! Ila tuwe wakweli, ile ya 1962 hakukutana na mastaa wenzake kina Ken Rosewall maana nao walikuwa upande wa kulipwa, ndo maana mi ile ya 1969 naipa uzito zaidi. Borg naye Australia alienda mara moja tu, enzi hizo mastaa kibao walikuwa hawaendi, kwahiyo usimhukumu kana kwamba aliitafuta akaikosa.

Afu angalia uwanja. Mwaka 1969 matatu kati ya yale manne yalichezwa kwenye nyasi, Marekani wakaacha nyasi 1975 na Australia 1988. Kina Nadal na Djokovic imebidi wamudu nyasi, udongo na uwanja mgumu, hiyo ni kazi nyingine kabisa, na hata Sampras na ukali wake wote Ufaransa hakuwahi kufika fainali.

Kwenye staili ya uchezaji sasa, tafuta mchezaji aliyegusa enzi mbili. Chukua Federer na Sampras Wimbledon 2001, usiangalie mpira, angalia miguu baada ya sevu (mpigo wa kuanzisha pointi), wote wawili wanakimbilia neti. Kisha weka fainali ya 2008 ya Federer na Nadal, mtu yuleyule, uwanja uleule, anasevu halafu anabaki nyuma pointi nyingi sana. Kipaji hakikupungua, ni kwamba raketi zenye nyuzi za poliesta zilishaenea, anayerudisha anaupiga mpira kwa nguvu na mzunguko mkali halafu unazama miguuni kwako ukiwa unapanda neti, na nyasi za Wimbledon nazo tangu 2001 ni za aina moja tu iitwayo rai (ryegrass), mpira unadunda vizuri zaidi.

Ukishaona hilo rudi kwa Borg dhidi ya McEnroe, fainali ya Wimbledon 1980, ile taibreki (pointi za kuamua seti ikiwa sare) ya 18-16. Raketi za mbao zile, uso mdogo sana, sehemu nzuri ya kupigia ni finyu kweli, na bado Borg anapiga topspini (mpira unaozunguka kwenda mbele) mfululizo, akapoteza ile seti na mechi akashinda. Kwahiyo swali zuri ni alifanya nini ambacho vifaa vya wakati wake vilikuwa vinamkatalia.

Kwa wanawake fanya hivohivo. Chris Evert aliruka Ufaransa 1976, 1977 na 1978 akacheza ligi ya timu Marekani, wakati kwenye udongo alikuwa hafungiki, mechi 125 mfululizo kuanzia 1973 mpaka 1979, na pamoja na kuruka huko kote bado ana makombe 7 ya Ufaransa.