Jinsi ya kutofautisha metali na zisizo metali bila kukariri orodha

Naona wanafunzi wengi wanakariri tu: metali zinang'aa, zinapitisha umeme, zinapitisha joto, ukizigonga hazivunjiki... halafu swali likigeuzwa kidogo mtu amekwama. Na hizo sifa zote zina mzizi mmoja, elektroni za nje. Ukishika hapo zingine zinakuja zenyewe. Toa jedwali la elementi tuanze.

Hatua ya 1: chora ngazi. Jedwali la leo lina elementi 118. (Mendeleev, mwanakemia wa Urusi, alitoa lake 1869 na akaacha nafasi wazi za elementi ambazo hazikuwa zimepatikana bado, na zikaja kupatikana kweli, mimi hiyo hunifurahisha kila nikiifundisha.) Anza kwa boroni, namba 5, shuka kama ngazi ukielekea kulia. Zilizo kushoto ni metali, zaidi ya robo tatu ya jedwali lote. Zilizo juu kulia ni zisizo metali: kaboni, naitrojeni, oksijeni, salfa, klorini. Zile zinazogusa ngazi kama silikoni na jemaniamu ni nusu metali, ziko katikati.

Hatua ya 2: angalia elektroni za nje. Sodiamu ni 2.8.1, yaani elektroni 2 mzunguko wa ndani, 8 unaofuata, na 1 wa nje; hiyo moja ya mwisho imeshikwa kidogo tu so inaiachilia haraka. Klorini ni 2.8.7, imebakisha moja ijae. Metali inatoa, isiyo metali inachukua, na sodiamu na klorini zikikutana unapata chumvi ya kupikia. Gesi kama heliamu na neoni zimeshajaa kwa hivyo hazisumbuani na mtu.

Hatua ya 3: gonga. Hapa ndio nataka mkae kidogo. Ukipita Kamukunji kwa mafundi wa jua kali simama uangalie vile karai inatengenezwa: fundi ana kipande bapa cha chuma cha mviringo, anakigonga katikati huku anakizungusha, anagonga tena, na kidogo kidogo kinaingia ndani mpaka kinakuwa karai na hakuna ufa popote. Kwa nini hakipasuki? Kwa sababu kwenye metali zile elektroni za nje si za atomu moja, zinazunguka kote zikizishikilia atomu zote pamoja, so safu moja ya atomu ikiteleza juu ya ingine bado zimeshikana. Sasa gonga kipande cha makaa, ambacho kwa sehemu kubwa ni kaboni. Kinavunjika vipande vipande, ju huko kila atomu imefungwa na jirani zake na ukivunja hivyo vifungo basi.

Hatua ya 4: pitisha umeme. Betri mbili, taa ndogo nyekundu ya LED na waya. Acha nafasi kwenye mzunguko uweke msumari, kijiko cha chuma, plastiki, kipande cha mbao. Elektroni zinazozunguka ndizo zinabeba umeme, na ndizo zinabeba joto pia, ndio maana mkono wa sufuria unachoma. Usijaribu na umeme wa ukutani, tafadhali sana.

Hatua ya 5: choma. Hii ni ya maabara na mwalimu awe hapo. Magnesiamu ikichomwa, majivu yake kwenye maji yanageuza litmasi nyekundu (ile karatasi ya kupima asidi na besi) kuwa bluu. Moshi wa salfa kwenye maji unageuza ya bluu kuwa nyekundu. Oksaidi, yaani kile unachopata elementi ikiungana na oksijeni, za metali kwa kawaida ni besi, za zisizo metali nyingi ni asidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, haidrojeni iko kushoto juu ya sodiamu, kwani ni metali?*
Hapana. Imewekwa hapo ju ina elektroni moja ya nje, lakini ni gesi na haipitishi umeme. Kwa mtihani andika isiyo metali.

*Mimi nimejaribu na penseli nimechonga pande zote mbili na taa ikawaka! Si kaboni ni isiyo metali?*
Umefanya vizuri sana kujaribu. Ndani ya penseli kuna grafiti, na kwenye grafiti kila atomu ya kaboni inatumia elektroni tatu kati ya nne kujifunga, ile ya nne inabaki huru kutembea. Almasi pia ni kaboni lakini inafunga zote nne, so haipitishi.

*Zebaki ni maji maji, inakuwaje metali?*
Inang'aa na inapitisha umeme, ni vile tu inayeyuka kwa nyuzi 39 chini ya sifuri. Chuma kinangoja hadi nyuzi 1538. Lakini zebaki msiishike, mvuke wake ni sumu.

*Ticha, mabati ya nyumba yanapakwa zinki, na zinki si ni metali pia, mbona isishikwe na kutu?*
Kutu ni ya chuma peke yake. Zinki inapigana na hewa pia lakini inatengeneza ngozi ngumu juu yake inayoizuia kuliwa haraka. Halafu zinki inatoa elektroni haraka kuliko chuma, kwa hivyo hata bati likikwaruzwa chuma kionekane, zinki iliyo kando ndio inaliwa kwanza. Ikiisha hapo ndio utaanza kuona ile rangi ya kahawia, mara nyingi kwenye matundu ya misumari.